Muulize Mwenyewe: Historia ya Heshima kwa Mgonjwa Mwenye Ulemavu

Kama unamenya viazi, endelea kumenya. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, tuzungumze.

Leo tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho. Binti wa miaka 26 anaingia katika chumba cha daktari akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mama yake ndiye anayekisukuma. Binti huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, ana mshahara wake na akili zake timamu. Daktari anainua macho, anampita binti, anamtazama mama. "Anaumwa wapi huyu? Alianza lini? Anakula vizuri?" Mama anajibu kila swali. Binti amekaa kimya kama mzigo ulioletwa na bodaboda. Maumivu yako tumboni mwake, lakini yeye hakuna aliyemuuliza.

Daktari huyo si lazima awe mtu mbaya. Mama naye anampenda mwanawe kupita maelezo. Basi kosa lilitoka wapi? Ni nani aliyetufundisha kumruka mgonjwa na kumuuliza aliye nyuma yake? Na ni nani waliopigania jambo hilo libadilike? Hiyo ndiyo historia tutakayoisimulia leo. Mwishoni utaona kwamba heshima si kama sukari kwenye chai, ikikosekana chai hunyweka vivyo hivyo. Heshima ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Maneno tuliyorithi

Wazee wetu hawakuwa na mwenendo mmoja kuhusu ulemavu. Ziko familia zilizowatunza watoto wao vyema, na ziko zilizowaficha nyuma ya nyumba kwa hofu ya laana na maneno ya majirani. Lakini lugha yetu ya Kiswahili ilituachia onyo la busara: hujafa hujaumbika. Maana yake, usimcheke mwenzako kwa hali yake, kwa sababu wewe mwenyewe bado hujajua utamalizaje safari. Ajali ya matatu pale Salgaa au Sachangwan, ugonjwa wa kisukari, kiharusi, au uzee wa kawaida tu, unaweza kukutia katika kundi hilo kesho.

Hata hivyo lugha hiyo hiyo ilitupa majina kama kilema na kiwete. Sikiliza yanavyoanza: ki, ki, kama kiti na kijiko. Ndiyo maana siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu. Tunamtaja mtu kwanza, hali yake baadaye. Hatusemi hivi ili kukupiga marufuku. Wako wenzetu wasiosikia wanaojiita viziwi bila haya yoyote, na wana haki ya kuchagua jina lao. Jambo la maana ni kuwauliza wenyewe.

Nyanya yako naye aliongewa juu ya kichwa chake

Sasa tuingie hospitalini. Wakati wa ukoloni, bonde letu hili lilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, na mashamba yalitaka mikono ya kufanya kazi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Walikaguliwa kama mali ya mnadani: huyu anafaa, huyu hafai. Mwili wa Mwafrika ulipimwa kwa mzigo unaoweza kubeba. Kwa macho hayo, mtu asiyeweza kubeba mzigo angekuwa na thamani gani?

Wale waliougua akili walikuwa na njia yao. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwaweka watu walioitwa wendawazimu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga milango kuliko kutibu.

Hospitali nazo zilitengwa kwa rangi. Hapa Nakuru, War Memorial ilijengwa baada ya vita hivyo kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1927 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa mafunzo ya wahudumu wa afya Waafrika, mafunzo yaliyokuja kuwa Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la KMTC. Wahudumu hao walifanya kazi kubwa. Lakini daktari mkuu alikuwa Mzungu, na mara nyingi hakujua Kikalenjin, Kikikuyu, Kimaasai wala Kiswahili cha kutosha. Basi alimuuliza mkalimani, mkalimani akamuuliza mgonjwa, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, likiwa limefupishwa.

Hebu fikiria nyanya yako au mama yake katika chumba hicho. Miguu yake ilikuwa mizima, macho yake yaliona, masikio yake yalisikia. Lakini aliongewa juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Aliguswa bila kuulizwa, akapewa dawa bila kuelezwa. Kwa hiyo, msikilizaji, hali ya yule binti kwenye kiti cha magurudumu si ngeni kwetu. Sisi sote tulitoka huko.

Tulipata uhuru mwaka 1963. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua kitivo cha udaktari mwaka 1967, na madaktari wetu wenyewe wakaanza kuongea nasi kwa lugha tunazozijua. Mgonjwa wa kawaida alipata nafuu. Mgonjwa mwenye ulemavu aliachwa nyuma, kwa sababu kwake tabia ya zamani haikuondoka na Mzungu.

Miaka ya msaada

Tusiwe watu wa kusahau wema. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya watoto wasioona huko Thika mwaka 1946. Chama cha kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo, kinachojulikana kama APDK, kilianzishwa mwaka 1958. Hiyo ilikuwa miaka ambayo polio iliwapooza watoto wengi. Mama alilaza mtoto akiwa na homa, asubuhi mguu hausogei. Chanjo ilipopatikana na kuenezwa, adui huyo alirudi nyuma. Kenya iliona polio yake ya mwisho ya kienyeji mwaka 1984, ingawa virusi kutoka nje viliingia tena mwaka 2006 na 2013. Ndiyo sababu kadi ya kliniki ya mtoto wako isikae na nafasi tupu.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliutangaza kuwa mwaka wa kitaifa wa walemavu, na Umoja wa Mataifa ukaufanya 1981 mwaka wao wa kimataifa. Michango ilikusanywa, viti na magongo vikagawiwa.

Mambo hayo yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa na kasoro moja. Anayepewa msaada hutarajiwa kushukuru, si kuuliza. Hakuulizwa kama kiti kinamtosha, wala kama mlango wa zahanati unapitisha kiti hicho. Hata shuleni, kwa miaka mingi watoto wasiosikia walilazimishwa kusoma midomo na kutoa sauti, na wengine waliadhibiwa kwa kuongea kwa mikono. Ni katika miaka ya 1980 ndipo lugha ya ishara ilipoanza kupewa nafasi madarasani. Mtoto aliyekatazwa lugha yake darasani angeipata wapi katika wodi?

Wenyewe wakaanza kusema

Mwaka 1989 vyama vya watu wenye ulemavu viliungana chini ya mwavuli mmoja unaoitwa UDPK. Mwaka 1993 serikali iliunda jopo la kuchunguza sheria zinazowahusu. Ilichukua miaka kumi mizima, lakini mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo ilizungumzia pia hospitali: mojawapo ya shabaha zake ilikuwa mgonjwa mwenye ulemavu ahudumiwe upesi na wahudumu wa afya. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua mahali pake.

Wakati huo huo dunia nayo ilikuwa inaamka. Watu wenye ulemavu kutoka nchi nyingi walikuwa na kauli moja: lisiamuliwe jambo letu bila sisi wenyewe kuwepo. Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki zao, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu cha 25 cha mkataba huo kinahusu afya, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Hakisemi tu kwamba hospitali ziwepo. Kinataka wahudumu wa afya wawape wagonjwa wenye ulemavu huduma ya kiwango kile kile wanachowapa wengine, na kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe baada ya kuelezwa. Kisha kinataka wahudumu hao wafundishwe kuhusu haki, utu na mahitaji ya wagonjwa hao. Kwa maneno mengine, dunia ilikubali kwamba heshima ni somo, na mwanafunzi wa udaktari au uuguzi hana budi kulisoma.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, tukapata Katiba mpya. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kinampa pia haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine inayomfaa. Jina unaloitwa mbele ya dirisha la dawa sasa ni jambo la Katiba.

Karatasi hazikumaliza kazi. Mwaka 2012 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu afya ya uzazi nchini. Hali ya wanawake wenye ulemavu ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa. Kina mama wengi wenye ulemavu hapa kwetu wanazijua shida hizo bila kusoma ripoti: kitanda cha kujifungulia kilicho juu mno, na ule mshangao wa muuguzi, "Hata wewe una mimba?"

Dharau inavyoficha ugonjwa

Labda mtu atasema, maneno ni maneno, muhimu ni dawa. La hasha. Tuchukue mifano mitatu.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo analetwa akiwa na homa na amelegea. Mama anasema, "Leo hayuko kawaida yake." Mhudumu anamtazama mtoto, anaona mikono iliyokakamaa, anasema, "Si ndivyo alivyo?" Anaandika dawa ya homa. Kumbe mtoto ana nimonia au homa ya uti wa mgongo. Ulemavu umesimama mbele kama pazia, ugonjwa umejificha nyuma yake.

Mama asiyesikia anakuja kliniki ya wajawazito na mwanawe wa miaka minane. Muuguzi anamtumia mtoto kuwa mkalimani. Je, mtoto huyo atamuuliza mama yake kuhusu kutokwa damu? Atamweleza majibu ya kipimo cha virusi vya ukimwi? Mama anaondoka na nusu ya habari, na mtoto anaondoka na mzigo usio wake.

Mwanamke asiyeona yuko katika uchungu wa uzazi. Mkono unamgusa ghafla bila neno. Anashtuka, anakaza mwili, anaambiwa ni mkaidi. Sentensi moja tu ingetosha: "Mama, mimi ni muuguzi wako, sasa ninataka kukupima."

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba baadhi ya watu wenye ulemavu hufa hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Si kwa sababu ya ulemavu wenyewe tu. Huduma mbovu na kutosikilizwa ni sehemu ya sababu. Ndiyo maana tunasema heshima ni matibabu.

Mwanafunzi hujifunza nyuma ya mkubwa wake

Sasa turudi nyumbani. Ile hospitali tuliyozoea kuiita PGH, ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ni darasa. Ukilazwa pale utaona vijana wenye makoti meupe, wanaosomea uuguzi, utabibu na udaktari, kutoka KMTC Nakuru na Chuo Kikuu cha Egerton. Wanafuata wakubwa wao katika raundi, kitanda hadi kitanda.

Sikiliza raundi hiyo kwa makini. Daktari mkuu akisimama kando ya kitanda na kusema, "Huyu kiwete wa kitanda cha nane," vijana kumi wamejifunza neno hilo kwa siku moja. Akivuta kiti, akaketi, macho yake yakawa sawa na ya mgonjwa, akasema, "Habari ya asubuhi, mwalimu, umelalaje?" vijana kumi wamejifunza hilo pia. Hakuna kitabu kinachoweza kufuta mfano wa mkubwa.

Vyuo vingine vimejaribu njia za kumtoa mwanafunzi katika kuta za wodi. Kule Eldoret, kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kiliwapeleka vijijini tangu mapema wakaishi karibu na jamii. Mwanafunzi aliyeona choo ambacho mtu wa magongo hawezi kukiingia, hataandika tu "aoge kila siku" na kwenda zake. Kule Kijabe, ukingoni mwa bonde letu, mwaka 1998 ilifunguliwa hospitali ya CURE kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na madaktari hujifunza upasuaji wa mifupa pale. Kina mama wengi kutoka Naivasha na Nakuru wameipanda barabara ile na watoto wenye nyayo zilizopinda, wakarudi na watoto wanaotembea. Katika baadhi ya vyuo vya nchi za nje, watu wenye ulemavu wenyewe huingia darasani kama walimu, wakawaonyesha wanafunzi namna ya kuuliza, kugusa na kusubiri jibu. Hilo nalo linawezekana hapa kwetu. Tuna Shule ya Viziwi ya Ngala mjini Nakuru. Walimu wa lugha ya ishara hawako mbali na vyuo vyetu.

Wewe mama ni mwalimu

Lakini tusingoje vyuo peke yao. Mama na mlezi, wewe ndiye unayekaa na mgonjwa kabla ya daktari na baada ya daktari. Yako mambo unayoweza kuyafanya.

Kwanza, kabla ya kufika, ongea na mgonjwa wako. Atasema nini mwenyewe? Angependa umsaidie wapi? Mtoto wa miaka saba anaweza kusema anaumwa wapi, hata kama ni kwa kuonyesha kwa kidole. Mzoeze.

Pili, swali likikupita likuelekee wewe, lirudishe kwa upole: "Daktari, tafadhali muulize mwenyewe, anakusikia." Kama hasemi kwa mdomo, eleza anavyosema: "Akifumba macho ni ndiyo."

Tatu, kama mtoto ana ulemavu na leo amebadilika, usikubali jibu la "ndivyo alivyo". Eleza kawaida yake: "Kila siku humeza uji, leo hamezi. Kila siku hucheka, leo hatuangalii." Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha.

Nne, kwa asiyesikia, tafuta mtu mzima anayejua ishara na ambaye mgonjwa anamwamini. Usimtumie mtoto mdogo. Mwombe daktari amtazame mgonjwa anapoongea, si mkalimani. Kwa asiyeona, omba dawa zitajwe moja moja, na mfunge mpira kwenye chupa moja ili mkono uitambue.

Tano, ridhaa. Upasuaji au njia ya kupanga uzazi ni jambo la kuelezwa na kukubaliwa na mgonjwa mzima mwenyewe. Mama, dada au mume asimwekee sahihi mtu anayeweza kuamua.

Sita, mhudumu akifanya vizuri, mwambie mbele ya wenzake. Akikosea, muone msimamizi wa wodi. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa nafasi ya kulalamika bila kuogopa.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote. Wakati mwingine tunaowanyamazisha ni sisi. Kwa mapenzi, tunajibu upesi. Tunaona aibu akichelewa kutamka. Tunaona foleni nyuma yetu inanung'unika. Mama, vuta pumzi. Mpe nafasi.

Hebu turudi kwa yule binti mwalimu. Ni siku nyingine, chumba ni kile kile. Daktari anainua macho, anamtazama mama na kuuliza, "Anaumwa wapi huyu?" Safari hii mama anarudi nyuma hatua moja, anashika mkoba wake, ananyamaza. Kimya kinakaa kidogo. Daktari anashusha macho yake. Nyuma yake wamesimama wanafunzi wawili na madaftari yao.

"Samahani, mwalimu," anasema. "Wewe mwenyewe, unaumwa wapi?"

Na wale wanafunzi wawili wanaandika.

Ukiwa na mtoto, ndugu au jirani mwenye ulemavu, leo jioni muulize jambo moja, kisha subiri jibu lake.